Barua kutoka Prato: Kesi ya Tambi

Shangazi, na ninyi wengine wote wa kundi la WhatsApp la ukoo:

Mimi huku ni mzima. Baridi imepungua, na kazi ya kubeba majora ya vitambaa ghalani inaendelea. Mgongo unalalamika ila haujagoma.

Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza wote, hata ule wa shangazi aliourekodi kuku wakiwa wanagombana nyuma yake. Nilivyoelewa, binamu karudi kutoka chuoni Dodoma, kapika Indomie, shangazi kasema "tambi zako zina maji mengi," binamu kajibu kuwa hizo si tambi na wala si pasta, na tangu hapo nyumba haina amani. Mkaona kesi iletwe kwangu kwa kuwa nakaa Italia.

Hakimu mmempata. Prato ni mji wa nguo karibu na Florence, na tangu miaka ya 1990 Wachina wa Wenzhou wamehamia hapa kwa maelfu na kufungua viwanda vya kushona. Ghorofa ya chini anaishi mwenye nyumba wangu, bibi wa Kiitaliano aliyezaliwa wakati wa vita na mpaka leo hajaweka silaha chini. Nikitembea hadi Via Pistoiese, mabango ni ya Kichina na mvuke wa supu ya ng'ombe unakuvuta shati. Mashahidi wa pande zote mbili ninao, na wote wananilisha.

Nianze na Waitaliano, maana wao wana sheria. Si mila, shangazi, ni sheria ya Bunge. Ilianza na ile ya mwaka 1967, namba 580. Pasta kavu itokane na semolina ya ngano ngumu na maji, basi. Ngano laini, hii yetu ya chapati na maandazi, ikijipenyeza isizidi asilimia 3. Hebu wafikirieni waheshimiwa, wenye posho na walinzi, wamesimama kujadili unga.

Hiyo ngano ngumu haisagiki kirahisi ikawa vumbi; inatoka chengachenga, ya manjano tangu shambani. Ukiikanda na maji ukaisukuma kwenye matundu ya shaba nyeusi, inakubali umbo lolote, mrija, kipepeo, sikio, na ikikauka haiachi umbo hilo. Ukiichemsha inabaki na kiini cha ubishi katikati, ambacho bibi wa chini anakitafuta kwa meno yake ya bandia kama fundi saa. Chumvi haiingii kwenye unga, inaingia kwenye maji: lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za pasta. Nilipomuuliza kama anapima, alinitazama kama vile nimemuuliza kama anapumua.

Binamu, usishangilie bado. Jumapili bibi huyo huyo anachukua unga wa ngano laini, anavunja mayai, anakanda, na hiyo nayo ni pasta, maana pasta mbichi imeruhusiwa. Waitaliano wanatunga sheria kali kisha wanajiachia mlango wa uani. Lakini mlango wenyewe nao wameupima. Kule Bologna, mwaka 1972, chama cha mapishi kilipeleka kwenye Chemba ya Biashara ukanda wa dhahabu wa tagliatelle kuonyesha upana halali: ikishapikwa iwe milimita 8, yaani sehemu moja kati ya 12,270 za urefu wa mnara wa Asinelli. Shangazi, wewe ungepimia mnara gani?

Sasa tuvuke barabara. Kule Via Pistoiese kuna kijana anayevuta tambi kwa mikono, mtindo wa Lanzhou. Huu ni mtindo wa Waislamu wa Kihui, kwa hiyo msianze kuniuliza habari za nyama. Anashika donge la unga, analinyoosha kifua chote, analikunja, ananyoosha tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili, hivyo baada ya mikunjo minane ana nyuzi 256, na mjomba mwalimu wa hesabu ahakikishe. Ukijaribu hivyo kwa ngano ngumu itakukatikia mikononi. Ngano ya tambi hizi ni ile ya kawaida, na chumvi imo ndani ya unga wenyewe.

Na siri yake, shangazi, ni magadi. Ndiyo, magadi, au ndugu yake wa karibu! Wewe unalainishia maharage, wao wanakazia unga. Yakiingia, unga unavutika, unateleza mdomoni, na unageuka manjano. Kwa hiyo mbele yako una sahani mbili za manjano: ya bibi imepakwa rangi na shamba, ya kijana imepakwa na magadi. Mimi hapa ndipo nilipouona mpaka kati ya pasta na tambi za Wachina, na sijaona mwingine unaoshinda huu.

Maana ukienda kwa ngano peke yake utapotea. Jirani yangu wa Wenzhou, mama mwenye duka la vifungo na zipu, anapika tambi nyembamba za mchele mtupu. Kabatini ana nyingine zinazopitisha mwanga kama kioo, nikamuuliza za nini, akaniambia za choroko. Choroko, shangazi! Wajapani nao wana za unga wa mbegu nyeusi isiyo ngano hata kidogo. Mwaka 2005 jarida la Nature lilitangaza bakuli lililofukuliwa Lajia, kaskazini-magharibi mwa China, limefunikwa kifudifudi kwa miaka kama 4,000, na ndani yake tambi za nafaka za jamii ya ulezi na uwele. Mchina hakuuliza Bunge. Alitazama kilichomo ghalani akakivuta kikawa kirefu.

Bakuli hilo sikulitaja mbele ya bibi. Kwake hadithi ni kwamba Marco Polo alikwenda China akakuta watu wenye njaa. Mama wa vifungo anasimulia kinyume chake, kwamba Marco Polo ndiye aliyeibeba pasta kutoka China. Wote wawili wanampa msafiri mzigo asioujua. Yeye alirudi Venice mwaka 1295, na tayari mwaka 1279 orodha ya mali aliyoiacha mtu mmoja huko Genoa ilitaja kikapu kilichojaa makaroni. (Nani anarithisha makaroni? Sisi tunagombania minazi.) Mapema zaidi, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi aliandika katika kitabu chake kwamba Trabia, huko Sicily, tambi kavu zinatengenezwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho kinataja Malindi na Mombasa. Kwa hiyo sisi na tambi tumo jalada moja tangu zamani, ingawa kurasa mbalimbali.

Kwenye kula ndipo majirani zangu wanapotengana kabisa. Kwa kijana wa Lanzhou unavuta mchuzi kwa mvumo, na ukila kimya anakuja kuuliza kuna tatizo gani. Kwa bibi, sauti ikitoka, uma unawekwa chini na mazungumzo yanasimama. Kuna jambo moja tu wanalokubaliana, nalo linakuhusu wewe, shangazi: tambi haivunjwi. Wachina wanasema tambi ndefu ya siku ya kuzaliwa ni umri, ukiikata umejikata. Waitaliano hawatoi sababu, wanashika kichwa tu. Juzi mpangaji mwenzangu, Mjerumani, alivunja spageti mara mbili ili ziingie sufuriani, na ule mlio ulisikika hadi ghorofa ya chini. Sasa anatafuta chumba. Mimi nilikaa kimya, nikakumbuka goti lako na pakiti zima linavyosema "kra!" kabla hata mafuta hayajapata moto.

Hukumu ni hii. Binamu asome nyuma ya pakiti. Likisema semolina ya ngano ngumu, hiyo ni pasta, hata kama shangazi ataitia nazi, sukari na iliki. Likisema unga wa ngano na chumvi, halafu likaorodhesha E500 au E501, hayo ndiyo magadi, na hiyo ni tambi ya upande wa Wachina. Kila upande utalipa gharama zake, na binamu ataomba radhi kwa kauli, si kwa hoja.

Ni mimi mwanenu, wa huku Prato.

Nyongeza: Bibi aliniuliza pasta ya nyumbani kwetu inachemshwa dakika ngapi. Nikamwambia mpaka tui likauke. Akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza kwa upole kama shangazi yangu anaumwa meno.