Nyumba Inayojengwa kwa Simu

Ujenzi wa nyumba ya makazi ni kazi ya mawasiliano kabla haujawa kazi ya saruji. Mchora ramani humwambia fundi mkuu, fundi mkuu humwambia fundi wa nondo, fundi wa nondo humwambia saidia fundi, na saidia fundi, ambaye hajawahi kuiona ramani hiyo, ndiye anayeishika nondo yenyewe. Njiani vipimo hupungua na maagizo hugeuka. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi yuko Dodoma kikazi wakati nyumba yake inainuka Goba au Kigamboni, hupata habari akiwa mtu wa mwisho. Programu za kusimamia ujenzi zilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Hulitatua kwa kiasi, na kiasi kinachobaki ndicho kinachochekesha watu kwenye vikao vya harusi.

Tatizo lenyewe si la Goba peke yake. Procore, mojawapo ya programu kubwa za ujenzi duniani, ilianzishwa California mwaka 2002 na Tooey Courtemanche, aliyepata wazo hilo alipokuwa akijenga nyumba yake Santa Barbara huku kazi yake ikiwa mbali, Silicon Valley. Buildertrend ilianza Omaha, Nebraska, mwaka 2006, ikiwalenga wajenzi wa nyumba za makazi. Programu za namna hii hufanana: zina ratiba, kumbukumbu za kila siku, ramani zenye namba ya toleo, orodha ya ukaguzi, orodha ya kasoro, na maagizo ya mabadiliko ambayo lazima yakubaliwe na mwenye nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Nyumba nyingi za watu binafsi Tanzania na Kenya hazijengwi kwa programu hizo. Hujengwa kwa WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009 bila nia yoyote ya kusimamia zege.

Kundi la ujenzi la WhatsApp huanza na watu watatu: mwenye nyumba, mke wake na fundi mkuu. Ndani ya wiki mbili huongezwa kaka aliyewahi kujenga, jirani anayetazama saiti kutoka dirishani, muuza vifaa, na shangazi aliyekopesha fedha za kiwanja na ambaye kumwacha nje kungeleta kikao cha ukoo. Hapo kundi hupata shughuli mbili zisizopatana. Fundi hulitumia kuomba maamuzi, na ukoo hulitumia kuamkiana.

Hatari ya mchanganyiko huu huonekana asubuhi. Shangazi hutuma picha ya maua yenye dua ya kuianza siku. Dakika moja baadaye fundi anaandika: "Bosi, nondo za 16 zimeisha dukani, kwenye nguzo tuweke za 12?" Majibu yanaanza kuingia: "Amina." "Amina." "Amina sana, ubarikiwe." Fundi, ambaye hajawahi kuruhusiwa jambo kwa unyenyekevu wa namna hiyo, anajibu "Poa" na kuanza kukata. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201, na ya 12 ina 113. Nguzo imepoteza karibu nusu ya chuma chake kwa baraka za familia nzima.

Alama ya dole gumba huleta hasara ya aina hiyo hiyo. Kwa mwenye nyumba aliye kwenye mkutano, dole maana yake ni kwamba ameuona ujumbe. Kwa kaka, maana yake ni kwamba hakuusoma ila hataki kuonekana mzembe. Kwa fundi, dole ni saini. Programu rasmi hulikwepa balaa hili kwa kuweka kitufe kimoja cha kukubali na kingine cha kukataa, na kuandika jina la aliyebonyeza pamoja na saa yake. WhatsApp huhifadhi dole bila maana yake, na kesi hutolewa hukumu na yule mwenye sauti kubwa.

Ujumbe wa sauti una faida yake: fundi mwenye mikono iliyojaa udongo hawezi kuandika. Ubaya ni kwamba hurekodiwa pembeni ya mashine ya kuchanganyia zege. Katika ujumbe wa dakika nne, salamu huchukua moja, habari za msiba wa kijijini huchukua mbili, na kipimo hutajwa mara moja tu, mashine inapopandisha mlio. Dirisha la choo lililotakiwa liwe na upana wa sentimita sitini husikika tisini, na hujengwa hivyo, likitazama barabara. Familia hulazimika kununua pazia kabla ya kununua vitanda. Kipimo kinachoandikwa kwa tarakimu hakipatwi na ajali hiyo.

Hata tarakimu, hata hivyo, huhitaji kipimo chake. Ramani huchorwa kwa milimita, bati na mbao huuzwa kwa futi, tofali hutajwa kwa inchi, na mwenye nyumba hufikiri kwa mita. Fundi akijaza 10 kwenye kisanduku cha kimo cha ukuta, yeye amemaanisha futi, ambazo ni kama mita tatu, wakati programu imewekwa katika mita. Taarifa ya mwisho wa wiki huonyesha ukuta wenye kimo cha ghorofa tatu, uliomalizika kabla ya muda, ukiwa na alama ya kijani. Programu haina macho ya kushangaa, kwa hiyo huupongeza.

Picha ndiyo silaha kuu ya mwenye nyumba aliye mbali, na ndiyo inayomponza zaidi. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa za mahali na wakati ilipopigwa. Inaweza kuwa ya leo au ya mwezi uliopita, na inaweza kuwa ya saiti nyingine kabisa. Mwenye nyumba makini hugundua mambo haya kwa vitu vidogo: taulo jekundu lililoanikwa kwenye nondo ile ile kwa wiki tatu, likiwa na kunjo lile lile, au madirisha ya upinde kwenye nyumba ambayo ramani yake haina upinde hata mmoja. Akiuliza, huambiwa kwamba hiyo ilikuwa picha ya mfano.

Picha pia haibebi timazi wala pima maji. Ukuta ukiwa umeinama, fundi huinamisha simu. Pembe ya chumba, ambayo saiti huthibitishwa kwa kamba ya vipimo vya 3, 4 na 5, kwenye kioo cha simu huonekana nzuri hata ikiwa kabati la jikoni halitakaa pale milele. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ilitungwa kabla ya kamera za simu. Siku hizi ufa hupigwa picha, hutumwa kwenye kundi, hupewa madole saba na ushauri wa kaka kwamba ni plasta tu, kisha huendelea na safari yake kuelekea msingini.

Orodha ya ukaguzi ilikusudiwa kuondoa maneno matupu. Kila hatua ina maswali yake, na kila swali lina kisanduku cha kuwekwa tiki. Chukua swali la kumwagilia zege. Zege hutakiwa kubaki na unyevu kwa angalau siku 7, kwa sababu saruji hupata nguvu kwa kuendelea kuungana na maji, na nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28. Orodha huweka tiki moja kwa kila siku. Msimamizi aliyesongwa na kazi huzijaza zote saba Jumamosi, kwa mkupuo, saa 3 usiku, akiwa kwenye nyama choma. Programu hunukuu saa hiyo bila kumsema mtu. Wakati huo pipa la maji saiti ni kavu tangu Jumatatu na kuku wa mlinzi wanatagia ndani yake.

Ramani nazo huzaliana. Katika simu ya fundi mkuu kuna faili linaloitwa Ramani Mpya, lingine Ramani ya Mwisho, na la tatu Ramani ya Mwisho Tumia Hii. Programu nzuri hutoa namba na tarehe kwa kila toleo na kulifungia la zamani. Lakini kulifungua faili la tatu kunahitaji bando, na bando liliisha tangu asubuhi. Inayotumika saiti ni ile ya kwanza, iliyochapishwa dukani, ikafunikwa nailoni na kutundikwa kwenye mwembe. Chumba kilichofutwa mwezi wa pili hujengwa mwezi wa nne kwa ustadi mkubwa.

Upande wa fedha mambo huwa nadhifu kidogo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na meseji ya muamala huenda ndiyo kumbukumbu ya ujenzi inayoaminika kuliko zote: ina kiasi, tarehe, saa na jina la mpokeaji, na hakuna anayeifuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo. Kasoro yake ni kwamba huonyesha fedha zilivyotoka, haionyeshi saruji ilivyofika. Kulipia mifuko 20 ni jambo moja, na mifuko 20 kugeuka kuwa tofali zenye saruji ya kutosha ni jambo jingine. Fundi anayetoa tofali 50 ambapo mwenzake hutoa 30 kwa mfuko mmoja hajavumbua teknolojia, ameongeza mchanga.

Yote haya hayafanyi programu kuwa kitu cha bure. Yanaonyesha mahali pake. Makosa mengi ya ujenzi hufichwa na kazi inayofuata: msingi hufukiwa, nondo hufunikwa na zege, mabomba na nyaya humezwa na plasta. Ukaguzi una maana kabla ya kufunika, na programu ina maana ikiwa inazuia kufunika. Kwa hiyo hatua nne au tano tu zinahitaji ruhusa ya maandishi: nondo za msingi, nguzo, lenta na mkanda kabla ya kumwaga zege, na mabomba na nyaya kabla ya plasta. Katika kila hatua kazi husimama hadi mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ikiwezekana mhandisi au msimamizi asiye na undugu na fundi, afike, apime na aandike ndiyo. Mambo mengine, kama rangi ya mlango na mahali pa swichi, yanaweza kuendelea kujadiliwa na ukoo kwa raha zake.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza wiki hii hahitaji kununua programu ya kigeni. Afungue kundi la pili la watu watatu, lenye maamuzi tu, lisilo na salamu wala dua. Kila swali la fundi lijibiwe kwa maneno, tarakimu na kipimo, na dole gumba lipigwe marufuku. Kila picha ya kazi iwe na tepu iliyonyooshwa ndani yake, namba zikisomeka. Na walau mara moja kabla ya kila zege, mtu apande basi aende saiti, kwa sababu hadi leo hakuna simu inayoweza kutikisa nondo kuona kama imefungwa.