Hedifoni ya River Road

Muuzaji wa hedifoni River Road hakuulizi unasikiliza muziki gani. Anakuvisha. Kabla hujaitikia salamu, masikio yako yameshafunikwa na besi inapigwa humo ndani mpaka magego yanatikisika. "Umesikia hiyo besi, mkubwa?" anauliza, nawe humjibu kwa sababu hujamsikia. Wimbo wa kujaribia ni ule ule kila stoli. Hauna gitaa, mwimbaji haimbi ila anakohoa kwa madaha, na umechaguliwa makusudi, maana besi ya namna hiyo huficha kasoro kama pilipili kwenye supu iliyolala.

Mimi nilitaka kujaribu kwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki walipojitoa Simba Wanyika, na katika wimbo huo gitaa la rithimu na lile la besi hujibizana bila hata moja kumkata mwenzake kauli. Hedifoni mbovu haina pa kujificha hapo: besi ikivimba kidogo tu, rithimu imezama. Tena nilikuwa River Road, mtaa uliowauzia Wakenya santuri na kanda kwa miaka na miaka. Marehemu Joseph Kamaru mwenyewe alikuwa na duka la muziki huku. Kununua kifaa cha muziki mtaani kwake kwa kusikiliza mtu anayekohoa, hapana, hiyo ingekuwa ni kukosa adabu.

Kijana wa stoli aliutazama wimbo kwenye simu yangu, kisha akanitazama mimi.

"Hizo ni zilizopendwa," alisema kwa huruma. "Hii hedifoni ni ya kisasa. Na ni orijino."

Orijino yenyewe ilikuwa na nembo ya kampuni mashuhuri, ila herufi mbili zilikuwa zimebadilishana viti. Nilipomwonyesha kwa kidole, hakubishana. Aliinua mkono rafuni akashusha nyingine, nyeusi tii, isiyo na nembo kabisa. "Basi chukua hii. Hii haijifanyi." Hoja hiyo ilinishinda. Tena rithimu ilisikika, kwa mbali, kama ya mtu anayepiga gitaa chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Kwa bei ile nilikuwa nimetarajia mlango uliofungwa. Alianzia 2,500, mimi nikaanzia 600. Nikaondoka, nikaitwa, nikaondoka tena, nikaitwa tena, tukaelewana kwa 1,200 kupitia M-Pesa.

"Na waranti?"

"Iko, mkubwa. Mpaka hapo mlangoni."

Ukiiwasha, mwanamke fulani anatangaza kwa Kiingereza cha nguvu kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa. Sauti yake haina kitufe cha kuipunguza. Unaweza kuupunguza muziki hadi mnong'ono, lakini yeye atatangaza vile vile hata kama ni saa nane za usiku na ndani ya nyumba kuna mtoto aliyelala. Nilimwasha ndani ya matatu ya Kangemi, jioni, tukiwa tumekwama kabla hata ya kufika Westlands.

Kuunganishwa kwenyewe ni kwa Bluetooth, iliyopewa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa hawaelewani. Ni wazi kwamba waliochagua jina hilo hawakuwa wamepanda matatu ya Kangemi saa kumi na moja jioni. Mawimbi yake huruka kutoka chaneli hadi chaneli mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa fujo za vifaa vingine, na kwa kukwepa hayana mpinzani. Shida ni majina. Hedifoni zote za bei yangu zimebatizwa jina moja, herufi na tarakimu mbili, na simu yangu ilipotafuta ikaniorodheshea ndugu watatu wenye jina hilo. Nikagusa wa kwanza. Simu ikasema tumeungana. Nikabonyeza wimbo, nikafumba macho, nikangoja gitaa.

Kimya. Ila kijana wa kiti cha mbele, aliyekuwa ndiyo kwanza anawasha hedifoni yake nyeusi tii isiyojifanya, aliruka kidogo, akaishika kwa mikono miwili, akageuka nyuma.

"Nani ananiwekea zilizopendwa?"

Nikainua mkono. Nikamwambia samahani, kijana wangu, natoa sasa hivi.

"Aa, mzee, ngoja kwanza. Ngoja hiyo gitaa iishe."

Sasa gitaa la wimbo ule haliishi upesi. Yeye kichwa kinacheza, mguu unapiga sakafu, nami nimeketi nyuma yake, masikio yangu yamezibwa vizuri na sponji mpya, sisikii chochote. Ulipokwisha akaniomba niurudie. Nikaurudia, ningefanyaje? Tulifika Kangemi ungali unaendelea, nikashuka na simu yangu, na kwa kuwa Bluetooth ya vitu hivi ikipita mita kumi hivi inakata tamaa, sikuwa nimefika mbali kabla kichwa hakijachomoza dirishani.

"Mzee! Imekatika! Inaitwaje?"

Matatu ilikuwa inaondoka. Nikakusanya pumzi zangu zote nikapaza sauti: "Sina makosa!"

Kondakta, aliyekuwa akining'inia mlangoni, alinitazama kutoka juu hadi chini. "Kwani nani amekushtaki, mzee?"