Bingwa wa Waya Ahutubia Baraza

Mtaalamu, cheo alichojivika mwenyewe bila kumsumbua mtu, aliwakusanya wavuvi barazani Kizingitini, akakohoa mara mbili na kutangaza kuwa atawafunza kuunganisha swichi za mtandao zilizo mbali. Mfano wake ulikuwa duka lililo katikati ya mji na banda la samaki pwani, mita 300 hivi.

"Waya wa shaba, wazee wangu! Ni kuvuta tu!"

Bahati mbaya, Ethaneti haitishwi na sauti nene. Kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100. Mtaalamu hakutetereka: akaamuru swichi mbili njiani, moja nyumbani kwa jirani ambaye hakuulizwa.

"Na umeme wake ukikatika, mwanangu?" aliuliza mzee mmoja. Banda zima litakuwa gizani kimtandao, hata likiwa na umeme wake. Isitoshe, radi ikipiga karibu, shaba iliyotoka nje huleta mshtuko hadi ndani ya swichi.

Hapo faiba, uzi wa kioo, ikapanda cheo ghafla, "kama nilivyosema." Kioo hakipitishi umeme, na faiba ya modi moja, kwa moduli za kawaida za gigabiti moja, hufika kilomita 10. Uzi wenyewe si ghali sana. Kazi ni kuuchomelea: punda mwenye mzigo akiukata uchochoroni, fundi na mashine yake huenda wakangojewa waje kisiwani kwa boti. Ndiyo maana wanaojua hununua kebo iliyokwisha kufungwa ncha, tena yenye nyuzi nne japo zinahitajika mbili.

Kwa kuunganisha mji jirani wa Faza, Mtaalamu alipendekeza redio: madishi mawili yanayoonana, hakuna kuchimba. Ni rahisi kweli, ila chumvi hula viunganishi, na mawimbi yakivuka maji huakisiwa. Bahari ikijaa au kupwa, mwakisiko hubadilika. Kiungo kilichokuwa safi asubuhi huyumba alasiri. Dishi la pili kwa kimo tofauti husaidia, na huongeza gharama.

Kuhusu njia ya akiba, alicheka. Huenda alisahau: Mei 2024, EASSy na Seacom, nyaya za baharini, zilikatika pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota.

Mwishowe akaunganisha swichi mbili kwa kipande cha faiba. Taa haikuwaka. Akalaumu dhoruba za jua. Kijana wa dukani akabadilishanisha ncha mbili, ya kutuma na ya kupokea, taa ikawaka kijani.

"Nilikuwa nawapima," alisema Mtaalamu, akaulizia malipo yake.