Komba wa Mkwakwani

Watu wakishaondoka na taa kuzimwa, wenyeji wa Mkwakwani, hapa Tanga, huingia uwanjani. Hutoka chini ya majukwaa, juu ya paa, kwenye vichaka vya nyuma ya ukuta, na kila mmoja anajua nafasi yake. Mpira wao ni kwakwa lililokauka, gumu, la mviringo, lenye mbegu zinazogonga ndani kama kayamba kila linapobingirika, hata asiyeona gizani anajua mchezo umefika wapi. Komba hudaka, maana Mungu amempa vidole vya kushika na macho ya usiku. Nguchiro hucheza katikati; ni mfupi, lakini anayemkabili nyoka hamwogopi kiungo yeyote. Kanga wanne ni mabeki, wenye makelele mengi na wasioachana. Mbele alikuwapo Paa, na nitamfikia.

Mzee Kobe hachezi. Yeye hukaa kwenye mstari na kutunza hesabu, na hesabu yake ameichora kwenye gamba lake mwenyewe.

Zamani watazamaji walikuwa ndugu wa wachezaji. Mama, shangazi, mjomba, jirani. Palikuwa na desturi moja nzuri: mchezaji akifunga, jukwaa zima lilimwita kwa jina la babu yake, na akikosa, alikaripiwa kwa jina la mama yake. Hakuna aliyecheza Mkwakwani bila kujulikana ni wa nani.

Kisha akaja Kunguru.

Alitokea Dar es Salaam akiifuata barabara, Chalinze, Wami, Segera, Muheza, akatua juu ya mnara wa taa. Kabla hajakunja mbawa alikwisha kuanza kusimulia. Kule Kariakoo, alisema, iko mibuyu miwili. Mmoja ulichipua mwaka 1935, wa pili 1936. Wa kwanza umevaa kijani na njano, wa pili umevaa wekundu, na tangu hapo haijapatana. Kunguru alijua nani amekaa tawi gani, nani ameumia goti la kushoto, nani kachelewa mazoezini na kwa nini. Aliyasema hayo asubuhi, akayarudia mchana, na jioni akaleta mengine. Habari zilikuwa tamu, tena zilisimuliwa vizuri. Msimu haujaisha, nusu ya kijiji ilikuwa imechomeka ua la mkrismasi sikioni, jekundu, na nusu nyingine jani la mwarobaini.

Mimi sioni kosa la mtu kuipenda mibuyu ile. Wekundu, yaani Simba, ndio waliomvua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003. Kijani, yaani Yanga, ndio waliokwenda Algiers Juni 2023 na kushinda bao moja katika mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kombe kwa sheria tu ya bao la ugenini. Mtanzania aliyeyaona hayo na moyo wake usidunde, sitamwelewa. Ninachokililia mimi kilitokea chini ya majukwaa ya Mkwakwani, na kilitokea polepole.

Mama Komba alikuwa wa ua jekundu. Ukimkuta barazani jioni, kahawa mkononi na kashata pembeni, angekutajia kikosi kizima cha mbuyu wake: golikipa wa kwanza, wa pili, hata wa tatu ambaye hajawahi kudaka. Angekueleza kwa nini beki wa kulia apumzishwe, kwa nini wale viungo wawili hawafai kuanza pamoja kwa kuwa wote wanataka kukaa na mpira, na kwa nini mshambuliaji mpya atahitaji miezi mitatu kabla ya kuzoea. Alikuwa mjuzi kweli. Mara nyingi aliyoyasema ndiyo yaliyotokea. Wenzake wa mwarobaini walibishana naye hadi kahawa ikapoa, nao walikuwa wajuzi vilevile.

Usiku huohuo mwanawe alikuwa langoni, na kwenye jukwaa alikuwapo Kobe peke yake.

Kiingilio kilikuwa punje moja ya mtama. Nguchiro, ambaye alikuwa mtunza hazina pia kwa kukosekana mwingine, alifungua sanduku baada ya mechi na kukuta punje kumi na nne. Wachezaji walikuwa kumi na moja, na bado kuna safari ya Pangani wiki inayofuata. Walikwenda kwa miguu. Walifika wamechoka, wakafungwa, na Kunguru alipoulizwa matokeo alijibu kwamba hakuwa na nafasi ya kuyataja siku hiyo.

Mwewe huja mara mbili kwa mwaka. Dirisha kubwa la usajili linapofunguliwa katikati ya mwaka huonekana akizunguka juu sana, kimya, akiangalia nani ana kasi. Dirisha dogo, mwisho wa mwaka, hurudi kuokota aliyemsahau. Mwaka ule alimwona Paa. Paa alikuwa amefunga mabao tisa kwa kwakwa lililopasuka upande mmoja, akiwa amekula au hajala. Mwewe alishuka, akazungumza na mjomba wake dakika chache, na kesho yake Paa hakuwapo.

Kijiji kilipiga ngoma. "Wetu kaenda Kariakoo!" Kwa mara ya kwanza ua jekundu na jani la mwarobaini walicheza ngoma moja. Kobe peke yake aliuliza, "Huko alikokwenda, wako paa wangapi?"

Walikuwako wanne. Paa akawa wa tano, na nafasi ilikuwa ya paa mmoja.

"Sasa walimtakia nini?" Nguchiro aliuliza ilipofika habari kwamba Paa hajacheza mechi hata moja.

"Mgosi," Kobe alimjibu, "hawakumchukua ili acheze. Walimchukua ili mbuyu wa pili usimchukue."

Jibu hilo nimelikumbuka miaka mingi ninaposoma majina ya waliosajiliwa. Simlaumu Paa, nani amzuie kijana wa nyumba maskini asiende panapolipwa? Wako waliokwenda wakakua. Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, kutoka hapo akavuka kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akafika Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kuchezea timu ya Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini huyo alipewa kiwanja cha kuchezea kila alikopita. Mguu wa mchezaji ni kama panga. Ukikaa alani misimu miwili unashika kutu, na anayerudishwa nyumbani kwa mkopo si yule aliyepigiwa ngoma.

Ukitaka kujua tulichokuwa nacho, mwombe Mzee Kobe akugeuzie mgongo. Kuna mstari wa mwaka 1986, Tukuyu Stars ya Mbeya iliyopanda daraja na kuchukua ubingwa msimu huohuo. Kuna mstari wa 1988, mrefu kuliko yote, kwa kuwa ni wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na kombe lilikuja hapahapa Tanga. Kuna miwili inayofuatana, 1999 na 2000, ya Mtibwa Sugar kutoka mashamba ya miwa ya Morogoro. Baada ya hapo gamba ni tupu sehemu kubwa, mpaka mstari mmoja wa msimu wa 2013/14, wa Azam waliomaliza ligi bila kufungwa. Miaka mingine yote ya katikati ni ya mibuyu, na Kobe haichori kwa sababu Kunguru ameshaitangaza.

Halafu kuna ufa. Hakuuchora, ulijipasua wenyewe. Ni wa msimu wa 2015/16, ambapo timu tatu ziliteremka daraja, na zote tatu zilikuwa za Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Jioni hiyo, barazani, mjadala mkali ulikuwa juu ya nani ataanza kwenye winga ya kushoto ya mbuyu wa kijani.

Coastal ilirudi baada ya misimu miwili. Na msomaji anayedhani huku hakuna tena vipaji akumbuke fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Julai 2022, pale Arusha: Coastal tatu, Yanga tatu, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Sopu. Kombe lilikwenda Yanga kwa penalti. Msimu uliofuata Sopu alikuwa Azam.

Turudi uwanjani.

Ilitangazwa kwamba Mbuyu Mwekundu unakuja kucheza Mkwakwani. Siku hiyo hapakuwa na pa kukanyaga. Popo walitoka mapango ya Amboni kwa maelfu, ngedere walishuka kutoka Amani, kaa walipanda kutoka Raskazone, na mlango wa kuingilia ulijaa mtama mpaka Nguchiro akakosa pa kuuweka. Mwezi ulikuwa mpevu. Jukwaa lilikuwa jekundu kutoka kona mpaka kona. Wenye mwarobaini nao walikuja, wakakaa upande wa pili, lakini hawakuja kwa ajili ya watoto wa Mkwakwani. Walikuja kuwaombea wekundu waumie.

Kanga wanne waliingia, wakatazama huku na huku wakitafuta uso wa ndugu, na kila uso waliouona ulikuwa unawazomea. Walikuwa wenyeji, na ndio waliocheza ugenini.

Paa alikuwa amekuja na wageni. Alikaa kwenye gogo la akiba, wa mwisho kabisa, amenenepa kidogo, na hakuinuliwa hata kupasha misuli.

Komba alidaka kama ambavyo hajawahi kudaka. Lilipigwa la chini akalilalia, lilipigwa la juu akaruka akalipangua kwa ncha za vidole. Kanga walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ilipofika dakika za mwisho hakuna aliyefunga, Nguchiro akamkwatua mtu ndani ya eneo, na mwamuzi akaonyesha penalti. Jukwaa zima lilisimama. Mpigaji akarudi nyuma hatua tano, akaja. Komba akaenda kushoto. Mbegu ndani ya kwakwa ziligonga mara moja kifuani mwake, kisha zikanyamaza.

"Aaah!"

Ilikuwa sauti moja ya majonzi kutoka maelfu ya vifua. Lakini komba ana masikio yanayojigeuza kila moja peke yake. Husikia mdudu akitembea chini ya jani. Katika sauti ile moja alizisikia zote, na miongoni mwake aliisikia ya mama yake.

Alibaki amelala na mpira, muda mrefu, mpaka mwamuzi akamfuata na kumwambia aachie, mchezo uendelee. Akaurusha. Mechi ikaisha bila bao.

Nyumbani, Mama Komba alimwekea kata ya tembo la mnazi, jipya, lenye povu, kitu ambacho ukoo wao haujawahi kukikataa. Hakuligusa.

"Umedaka vizuri, mwanangu."

"Nilikusikia, mama."

Mama alishika ukingo wa kata, akaugeuza. Ua lilikuwa bado sikioni. "Ilinitoka," alisema. "Sikuiita mimi. Ilinitoka tu."

"Najua," Komba alisema. "Ndiyo maana imeniuma."

Jumatano iliyofuata Mkwakwani walicheza na Pangani. Hapakuwa na mwezi wala popo. Kunguru alikuwa amekwenda Kariakoo kwa sababu siku hiyo mibuyu ilikuwa inatangaza jezi mpya. Kobe alikuwa mahali pake kwenye mstari, na alipogeuza shingo alimwona Mama Komba akishuka ngazi za jukwaa tupu, sikio likiwa wazi, akakaa karibu naye. Alilipa punje mbili.

Kwa dakika kadhaa hakusema kitu. Alizoea kuuona mpira kwa masimulizi, sasa alikuwa anaufuata kwa mlio wa mbegu. Alimjua Nguchiro, aliwajua Kanga kwa kelele zao. Kwenye winga ya kulia, alikokuwa akicheza Paa, alimwona mdogo mmoja, mguu mwembamba, anakimbia kwa kurukaruka na hachoki.

"Mzee Kobe," aliuliza, "yule wa pembeni, mtoto wa nani?"

"Wa Mama Digidigi."

"Mama Digidigi yupi?"

"Jirani yako. Ukuta wenu ni mmoja."

Mama Komba alinyamaza. Chini, Nguchiro alimchomekea kijana yule pasi ndefu kati ya mabeki wawili wa Pangani. Akaikimbilia, akaiwahi, akabaki yeye na golikipa, akapiga. Kwakwa lilipaa juu ya lango, likapita mnara wa taa, likaenda kugonga bati la jirani.

Mama Komba alikuwa amekwisha kusimama. Akamkaripia kwa jina la mama yake, kwa sauti iliyojaza jukwaa lote tupu, na Digidigi mdogo akageuka kwa mshituko, akatazama juu kumtafuta aliyemwita.