Muulize Shangazi: Kompyuta Mbili, Leseni Moja

Shangazi, shikamoo. Napiga picha za harusi hapa Mbagala. Mwaka 2012 nilijinyima nikanunua Photoshop CS6 ya Windows, halali kabisa, risiti ninayo. Juzi kaka kanitumia Mac kutoka Muscat. Naingiza namba ya leseni, inakataa. Nimekosa nini? – Mwenye Risiti

Marahaba, mwanangu. Hujakosa kitu. Leseni za enzi zile ziliuzwa kwa mfumo mmoja mmoja; tiketi ya boti ya Unguja haikufikishi Pemba. Tena hata ungekuwa na ile ya Mac, mwaka 2019 Apple walileta macOS Catalina, wakazifungia mlango programu za biti 32, na CS6 ina vipande vya namna hiyo tumboni. Nayo ndiyo ya mwisho ya kununua ukamaliza. Matoleo yaliyoanza 2013 ni ya kupanga: usipolipa kodi unatolewa nje, ingawa picha zako hubaki zako. Ile Windows yako itunze kama mama mkwe. Usiiguse isipoita.

Shangazi, nalipia Photoshop kila mwezi. Nina Windows dukani na Mac nyumbani. Mume wangu anasema kuziweka zote mbili ni wizi. – Mama Studio

Mwambie asome mkataba kabla ya kutoa fatwa. Kompyuta mbili unaruhusiwa, hata kama moja ni Windows na nyingine Mac. Usichoruhusiwa ni kuzitumia zote kwa wakati mmoja. Wake wawili, zamu moja; mambo haya mumeo anayaelewa kuliko mimi. Ila akitaka naye aingie kwa akaunti yako ahariri picha zake, hapo wizi umeingia kweli, na mwizi si wewe.

Shangazi, nami napiga picha za harusi. Fundi wa jirani ana Photoshop iliyochakachuliwa, shilingi elfu tano tu, iko kwenye flashi. Kasema kwanza nizime antivirusi. Nizime? – Mnyonge wa Bei

Mgeni kabisha hodi usiku wa manane, anakuomba kwanza umfungie mbwa. Wewe unaniuliza umfungie kwa kamba au kwa mnyororo! Ndani ya flashi hiyo huenda mna programu, huenda mna na kitu kitakachofunga picha zote za harusi za mwaka mzima na kudai fidia. Utamweleza nini bi harusi? Harusi hairudiwi, na shangazi zake nawajua, ni wenzangu.

Shangazi, napiga picha za paspoti, na sasa nimehamia Linux. Photoshop haipo. Nirudi Windows? – Kijana wa Terminali

Usirudi. Chukua GIMP. Waliianza wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kibiashara, kuinakili na kumgawia jirani, awe na Windows, Mac au Linux, na hakuna atakayekuuliza. Mpe hata yule fundi wa elfu tano, apumzike. Kasoro ipo: faili za PSD inazifungua, ila tabaka nyingine hufika zimechoka safari, na mteja anayetaka PSD kamili atakusumbua. Lakini wewe unapiga picha za paspoti. Lini afisa wa uhamiaji aliomba tabaka?