Distribyuta Isiyo na Hatia

Taimingi ya injini ya petroli ni wakati ambao plagi inatoa cheche, ukilinganishwa na mahali pistoni ilipo. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mkupuo. Moto husambaa, na kusambaa huko kunachukua muda. Kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nyuzi 30 za krenki hupita kwa chini ya milisekunde 2. Ndani ya muda huo mfupi, heshima ya mwenye Volkswagen Beetle husimama au huanguka mbele ya majirani waliokuja kusukuma.

Beetle za mwisho zilitengenezwa Mexico mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutolewa duniani. Nyingi zilizobaki Afrika Mashariki ni za zamani zaidi ya hapo, na zinaweza kumzaa fundi anayezifungua. Ndiyo maana uchunguzi huanzia mahali sipo. Boneti ya mbele inafunguliwa, linakutwa tairi la akiba. Injini iko nyuma. Kabla hilo halijaeleweka, msamaria amekwisha kufika na dumu la maji ya rejeta. Rejeta yenyewe haipo, maana injini hupozwa kwa hewa.

Cheche ikichelewa, gari huwa zito, injini hupata joto kupita kiasi, na petroli iliyobaki humalizikia kuwaka kwenye ekzosi kwa mlio unaowalaza watu chini. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga ikipanda mlima, na wakati wa kuwasha stata hukwama kwa sababu pistoni inarudishwa ilikotoka. Shida ni kwamba karibu kila moja ya dalili hizi huweza pia kuletwa na pointi mbovu, kondensa iliyokufa, kifuniko cha distribyuta chenye ufa, au kabureta inayovuta hewa pembeni.

Lakini distribyuta, inayogawa cheche kwa kila plagi, ndiyo hukamatwa kwanza, kwa kosa moja tu: inazungushika kwa mkono. Boliti ya kibano inalegezwa, na mara moja kijiwe kizima kinageuka kamati ya ufundi. “Rudisha kidogo, fundi!” “Ongeza, ongeza! Hapo hapo!” Injini inabadilisha sauti, kila mshauri anadai ndiye aliyeipata, na boliti inakazwa. Ikikazwa nusu, mtikisiko wa barabara utaizungusha distribyuta tena polepole, na kufikia jioni lawama zitakuwa zimemfikia muuza petroli.

Utaratibu wenyewe huanzia kwenye pointi, swichi ya ndani ya distribyuta ambayo ikifunguka cheche hutoka, na hapa haifai kuharakisha. Mwanya wake katika Beetle ni milimita 0.4, unaopimwa kwa fila geji wakati pointi zimefunguka kabisa. Gereji nyingi hupima kwa kipande cha pakiti ya sigara, kipimo ambacho usahihi wake hutegemea fundi anavuta sigara gani. Kijiti cha pointi kinachosuguana na kamu huliwa kadiri gari linavyotembea. Mwanya unapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na taimingi inarudi nyuma bila mtu kugusa chochote. Anayezungusha distribyuta kabla ya kupima mwanya anatibu homa kwa kurekebisha kipimajoto. Akija kurekebisha pointi baadaye, taimingi itahama tena, na ataapa kwamba gari limerogwa.

Kisha zifuatwe waya za plagi. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na fundi aliyelelewa na Peugeot au Toyota anaujua usingizini. Beetle huwaka 1-4-3-2. Siku waya zote nne zinapochomolewa kwa pamoja “zisafishwe,” fundi huyo huzirudisha kwa imani thabiti: silinda 1 na 2 zinapata cheche kwa wakati wake, 3 na 4 zinapeana zisizo zao. Moto unaweza kurudi kupitia kabureta, na aliyeinama kuangalia anaondoka na nyusi chache kuliko alizokuja nazo. Dawa ni kuchomoa waya mmoja mmoja.

Baada ya hapo ndipo zamu ya distribyuta. Puli ya krenki ina alama inayotakiwa kukutana na mstari unaogawa bloku ya injini. Injini nyingi za 1500 hutaka nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Baadhi za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zenye distribyuta ya mirija miwili ya vakyumu, hutaka nyuzi 5 baada ya kufika juu. Puli iliyopitia wamiliki kadhaa huwa na alama za tindo, chokaa na rangi ya kucha, kila moja ikiwa ni imani ya mtu fulani.

Kwa injini ya nyuzi 7.5, balbu ndogo huunganishwa kati ya koili, upande wa waya wa distribyuta, na bodi ya gari. Alama ya puli ikiwa kwenye mstari, injini baridi na swichi imewashwa, distribyuta huzungushwa kufuata saa mpaka balbu izime, kisha hurudishwa taratibu kinyume cha saa. Balbu inapowaka tu, mkono unasimama. Kamati haihitajiki.

Mtego uliobaki ni silinda namba 3. Alama ya puli hufika mahali pake mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, mara moja kwa silinda 1 na mara moja kwa 3. Katika injini za zamani kipoza oili kilizuia hewa ya namba 3, ikawa na joto kuliko wenzake. Kwa hiyo distribyuta kadhaa za asili zilitengenezwa ziicheleweshee cheche kidogo kwa makusudi. Anayeseti kwa namba 3 akidhani ni 1 anaziwahisha nyingine. Gari linawaka vizuri kabisa, linasifiwa, kisha linaanza kugonga kwenye mlima wa kwanza. Rota inayozunguka ndani ya distribyuta ielekee kwenye mkato wa ukingo wake. Hapo ndipo namba 1.

Mwisho hujaribiwa mrija wa vakyumu kwa kuunyonya kwa mdomo huku bamba la pointi likitazamwa. Lisipotikisika, huenda ngozi ya ndani ya vakyumu imepasuka. Wapita njia watadhani petroli inaibwa, waelezwe.

Mwenye Beetle na aandike namba ya distribyuta yake na nyuzi zinazotakiwa ndani ya kifuniko cha injini, fundi ajaye azikute hapo.