Sifa za Dirisha Mtoro

Jahazi limeshasifiwa, embe dodo limeshasifiwa, na wagombea husifiwa kila baada ya miaka 5. Zamu hii ni ya dirisha la programu linalofunguka mahali pasipo na skrini.

Kwanza ni tiifu. Ukiliteremsha dirisha kwenye Windows, mfumo haulikunji. Hulihamishia nukta hasi 32,000 kwa upana na hasi 32,000 kwa urefu, ng'ambo ambako jicho halifiki. Mtayarishaji mvivu huzihifadhi nukta hizo programu inapofungwa. Kesho yake dirisha linafunguka palepale lilipoambiwa. Nani kati ya watoto wetu hutumwa akafika kwa usahihi huo?

Lina subira pia. Mwenye kompyuta atabofya, ataona ikoni inawaka pale chini, atabofya tena. Atazima na kuwasha. Atafuta programu nzima na kuiweka upya huku akiapa, kumbe nukta zimebaki kwenye rejista, na dirisha limetulia kule kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Nisimnyime haki ndugu yake, upauzana. Kwenye Qt, maktaba ya kutengenezea programu za madirisha, pau hurudishwa mahali pake kwa kuitwa majina. Usiopewa jina hauitwi: mtumiaji ausogeze kushoto atakavyo, asubuhi ataukuta juu. Qt hutoa onyo, ila humwonya mtayarishaji, na huyo amezoea maonyo kama jirani wa kinu alivyozoea kelele.

Lakini sifa kubwa ya mtoro ni kulisha watu. Mhasibu mmoja alinipigia simu: "Fundi, mfumo umekufa, na leo mishahara inatakiwa itoke!" Nikapanda daladala, foleni saa mbili nzima. Kumbe alibofya kulia ile ikoni ya chini, akaifunga programu ikiwa imeteremshwa. Nikabonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mshale mmoja; nikasogeza kipanya, dirisha likaja likikifuata kama mbuzi aliyeona majani. Ofisi ikanyamaza.

"Ulikuwa ugonjwa gani?"

"Mambo ya viratibu, mama," nikajibu kwa sauti nzito.

Nikarudishiwa nauli, nikaletewa chai ya maziwa na chapati mbili. Usiku niliufungua msimbo wa programu ile, nikapaona mahali penyewe. Mistari michache tu, ya kuuliza kama nukta zile zinaangukia kwenye skrini yoyote, ingemaliza kazi. Nitaiandika. Ila mwezi ujao nao una mishahara.